Muraru wa Mama Kananu

Tulipomzika Mama Kananu mwezi uliopita, mchungaji aliwaomba watoto wa marehemu wasimame ili waombolezaji wawajue. Kananu akasimama na mumewe. Kisha akageuka, akaangaza macho mpaka safu ya nyuma kabisa ambako nilikuwa nimejibanza na shungi langu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Talaso, simama. Wewe pia.” Nilisimama, ningefanya nini? Nilimsikia mama mmoja akimnong’oneza mwenzake, “Na huyu Mborana ametoka wapi tena?” Simlaumu. Mimi ni Mborana, Mwislamu, mwanamke wa mtaa wa Wabera mwenye wajukuu, na marehemu alikuwa Mmeru wa kanisani aliyeongoza waimbaji kwa miaka mingi. Baadaye, tulipokuwa tukila wali kwenye hema, yule mama alikuja na sahani yake akaniuliza ana kwa ana nilikuwa nani kwa marehemu. Nikamwambia niliwahi kuishi naye mwaka mmoja. Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu, na alikuwa na haki. Nilimkwepa kwa sababu hadithi yenyewe ni ndefu, na katika hiyo hadithi mimi ndiye mkosaji.

Ukoo wangu nitauacha upumzike. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na nyumbani Kipsing walikuwa wamenituma mjini Isiolo kupokea maziwa ya ng’ombe wetu na kuyauza. Nilipanga chumba Bulla Pesa, kwenye ploti ya vyumba sita vya mabati vilivyotazamana, na katikati uwanja mwembamba wa kuanikia nguo ambao kila mtu aliudai kuwa wake. Chumba changu kilipakana na cha Mama Kananu. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao zilizozibwa nyufa kwa magazeti, kwa hivyo tulijuana kwa masikio kabla ya kujuana kwa macho. Nilijua anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na kuomba kwa Kimeru, haraka haraka, kama mtu anayetoa orodha dukani. Nilijua binti yake Kananu, aliyekuwa na miaka kumi, hupoteza kiatu kimoja kila asubuhi na kukipata mahali palepale. Nilijua kwamba mume hayupo na hatajwi. Yeye naye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa akinisikia mimi, na alikuwa na masikio makali kunishinda.

Mwaka ule mvua ilikataa. Ng’ombe wakapelekwa mbali kutafuta malisho, na maziwa yakakatika. Nikabaki mjini na vibuyu vitupu, nikiona haya kurudi nyumbani kuongeza mdomo mwingine wa kulishwa. Siku ya tatu ya kushinda na chai ya rangi, Mama Kananu aligonga. Hakugonga mlango, aligonga ukuta. “Wewe msichana wa ng’ombe,” akasema kupitia magazeti, “unakula nini huko? Siku tatu sufuria yako haitoi sauti.” Nikamjibu kwamba nimeshiba. “Umeshiba nini, upepo? Kuja huku.” Nilipoingia nilikuta chumba kinachofanana na changu kwa ukubwa lakini kimejaa vitu mara nne: kitanda kimoja cha mama na mtoto, majembe matatu yameegemea kabati, kalenda ya kanisa, na chini ya kitanda mikungu ya ndizi imefunikwa kwa gunia ili iive. Harufu ya ndizi zinazoiva bado hunirudisha kwenye chumba kile hata niwe sokoni. Alinipa kiti, akanipa sahani. Zilikuwa ndizi mbichi zilizopikwa na maharagwe na kupondwa, na juu yake kitunguu cha kukaanga. Kusema kweli niliziona chakula cha wagonjwa. Sisi tulijua maziwa, nyama na ugali. Nilikula mara mbili.

Siku iliyofuata alirudi kutoka sokoni na sufuria mpya, akaiweka mbele yangu. “Hii ni yako. Hapa kwangu hatupiki nguruwe, lakini najua roho ya mtu haitulii. Hii haijawahi kuona kitu, na ukitaka nyama utanunua mwenyewe kwa bucha yenu, tutapika ndani ya hii.” Niliosha ile sufuria ingawa ilikuwa safi, ili nipate mahali pa kuinamisha uso, kwa maana nilikuwa nalia. Sufuria ile ndiyo iliyopika chakula chetu sote watatu mwaka mzima. Zake yeye zilikaa juu ya kabati zikiota vumbi.

Kwa malipo ya chakula nikaanza kwenda naye shambani. Alikuwa amekodi kipande chembamba kando ya mto, chenye mfereji unaopita katikati, na humo alipanda migomba, sukuma na vitunguu. Mimi sikujua kitu. Nilijua kumtazama ndama na kusema ana umri gani na mama yake ana maziwa kiasi gani, lakini mmea kwangu ulikuwa ama malisho ama si malisho. Mama Kananu hakuwa mwalimu mwenye maneno mengi. Alifanya, ukatazama, ukafanya, akacheka. Alinifundisha kufungua maji ya mfereji kwa mguu, bila kuinama. Alinifundisha kupunguza machipukizi, yaani wale watoto wanaozuka pembeni mwa mgomba, kwa sababu ukiwaacha wote wanakuwa kichaka na hupati mkungu wa maana. “Kila shina wabaki watatu,” alisema. “Mama, binti na mjukuu. Hawa wengine ni kama wageni wa harusi, wamekula, waende.” Ukimkata chipukizi juu tu anaota tena wiki ileile, kwa hivyo unamkata usawa wa ardhi, halafu unazamisha ncha ya panga katikati na kuizungusha mpaka umtoe moyo. Kazi hiyo niliipenda. Mkono wangu ulikuwa mzuri, na yeye alinisifu, na sifa ilinipanda kichwani.

Mwisho wa mfereji, mahali maji yalipofika yakiwa yamechoka, kulikuwa na shina moja tofauti na mengine. Mgomba wake ulikuwa na shina jekundu jekundu na majani yaliyosimama. Huo ndio muraru. Siku moja tulipokaa hapo kula, Mama Kananu akaniambia habari zake, huku akimenya ndizi na kumpa Kananu nusu, mimi nusu. Nyanya yake alimpa mama yake, mama yake akampa yeye, asubuhi ile alipotoka nyumbani kwenda kuolewa. Katika ukoo wao wanawake hawauuzi muraru wala hawampi jirani. Ndizi zake unaweza kumpa yeyote, lakini mche, hapana. Na huu wa Isiolo ndio uliokuwa umebaki. Kule juu milimani kaka zake waling’oa migomba ya mama yao wapande kitu chenye soko. “Nikipoteza huu, nimewapoteza wote,” akasema, akimaanisha wanawake, nadhani, si migomba. Alikuwa na wasiwasi kwa sababu fukusi, yule mdudu mweusi anayetoboa tunguu la mgomba chini ya ardhi, alikuwa ameingia shambani. Mpango wake ulikuwa kungoja mvua za vuli, achimbe machipukizi matatu yaliyokuwa yakikua pale, ayahamishie upande wa juu kwenye udongo mpya. Alinionyesha kwa kidole tu, bila kuinuka, na mimi nilikuwa ninatazama ndizi mkononi mwangu.

Mwezi wa saba dada yake akaugua kule milimani, na Mama Kananu akaenda kumuuguza. Akaniachia Kananu, ufunguo na shamba. Mlangoni akiwa na kikapu kichwani akaniagiza, “Nipunguzie migomba yote, hata muraru. Acha yale mazuri.” Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimejaa fahari. Kwa mara ya kwanza tangu maziwa yakatike mtu alikuwa amenikabidhi mali.

Sasa nieleze kosa langu, na nataka lieleweke, kwa maana halikuwa la uvivu. Nilipiga magoti mbele ya muraru nikayatazama machipukizi kama nilivyofunzwa kutazama ndama. Yalikuwa matano. Matatu yalikuwa yamechongoka, membamba, majani yake kama sime, marefu, makavu makavu, hayana hata upana wa vidole vitatu. Mawili yalikuwa mafupi, yananawiri, majani mapana yanayong’aa kama mgomba mkubwa uliopunguzwa kimo. Kwetu ndama aliyekonda ni ndama asiyenyonya. Yule mwenye ngozi ya kung’aa ndiye anayepata maziwa. Mtoto yeyote wa Kipsing, umwamshe usingizini, angechagua kama nilivyochagua. Nikayakata yale matatu membamba usawa wa ardhi, nikazamisha ncha ya panga, nikazungusha, nikawatoa moyo mmoja mmoja, kwa ustadi. Niliyabeba mpaka kwa mbuzi wa jirani yakaliwa mbele ya macho yangu. Kisha nikafanya vivyo hivyo shamba zima. Jioni ile nilimwambia Kananu kwamba mama yake akirudi atafurahi mpaka atanichinjia jogoo.

Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, dada yake akiwa amepona. Hakuketi hata kunywa chai, alitaka kuona shamba. Nilitembea mbele yake nikieleza. Tulipofika mwisho wa mfereji alisimama. Akainama, akagusa pale nilipokata, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaketi chini kwenye tope na nguo zake za safari. “Wale wembamba wako wapi?” akauliza. Nikamwambia nimewaondoa, nimeacha wazuri, kama alivyosema. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa pale mpaka maji ya mfereji yakaanza kumlowesha, kisha akanyoosha mkono nimwinue, na tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, Kananu katikati akitutazama kwa zamu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nikifunga nguo zangu kwenye leso. Nilikuwa nimeamua kuondoka kabla sijafukuzwa. Ng’ambo ya ukuta akaingia Mama Mwenda, jirani yetu wa chumba cha mwisho, muuza miraa aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu. Nilisikia kila neno, na sijifanyi kwamba nilijaribu kutosikia. “Mrudishe kwao,” alisema Mama Mwenda. “Watu wa ng’ombe ni wa ng’ombe. Huyo atakumalizia shamba.” Kikombe kikawekwa mezani. Mama Kananu akasema, “Nilimwambia aache mazuri. Sikumwonyesha mazuri ni gani.” Mama Mwenda akaguna. “Lakini wewe hukuona haya kumwachia mgeni kitu kama hicho?” “Mgeni yupi? Mgeni ako wapi hapa?” Kisha ukuta ukagongwa mara moja, kwa kiganja. “Na wewe Talaso, acha kufunga hiyo leso. Nasikia unafunga. Chai inapoa.”

Tulipofika shambani akanipeleka kwenye shina la ndizi za kawaida mpakani, ambalo panga langu lilikuwa limelisahau, akachimba na kutoa machipukizi mawili, moja la kila aina, akayalaza kwenye nyasi. “Sasa tazama kwa chini, sio kwa juu.” Lile jembamba lilikuwa na tunguu nene, zito, lenye kidonda kikubwa mahali lilipokuwa limeshikamana na mama. Lile lenye majani mapana lilikuwa na kitako kidogo, na lilikuwa limeshika kwa kiuzi tu. “Huyu wa sime ananyonya,” akasema. “Mama anamlisha chini kwa chini, hana haja ya majani. Akifika nyumba mpya ana nguvu za mama bado. Huyu mwingine hakushikwa vizuri. Amenyimwa. Ndiyo sababu amefungua majani mapema, anajitafutia. Ukimwona unafikiri ameshiba, kumbe anahangaika.” Nililitazama lile chipukizi lenye majani mapana kwa muda mrefu. Nilikuwa nimetumwa mjini peke yangu na vibuyu, nikivaa vizuri ili wateja wasijue, nikijibu nimeshiba. Yeye alinitazama, na nadhani alikuwa amefikiria hilohilo kabla yangu, kwa maana alinipapasa mgongo kwa mkono wenye udongo.

Upepo wa mwezi wa nane pale Isiolo unajulikana, unang’oa mabati. Wiki hiyohiyo ukauangusha muraru. Tulipoufikia ulikuwa umelala na mkungu wake mchanga, na tunguu lake limefunuka kama jino lililong’oka, limetobolewa na fukusi upande mmoja mpaka limekuwa jeusi. Yale machipukizi mawili mapana tuliyachimba kwa uangalifu na kuyapanda upande wa juu, kwenye samadi nyingi niliyoibeba mwenyewe kutoka boma la jirani. Nikayamwagilia asubuhi na jioni. Nilizungumza nayo, mbele ya watu, kwa Kiborana. Moja likaoza katika siku kumi na mbili. La pili likajitahidi, likatoa jani, jani likawa njano. Siku lilipoanguka Kananu ndiye aliyekuja kutuambia. Alisimama mlangoni na viatu vyote viwili miguuni, akasema, “Mama, ule wangu umekufa.” Alikuwa ameambiwa tangu akiwa mdogo kwamba muraru ni wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa kukawa na tunguu tu. Mama Kananu alikuwa amelifunika kwa majani makavu kivulini, si kwa mpango wowote, ila hakuweza kulitupa. Nilikwenda peke yangu kwa ofisi ya kilimo, nikamngoja afisa mpaka saa sita. Alikuwa kijana wa milimani mwenye kalamu mbili mfukoni. Nikamweleza, nikamficha mkosaji ni nani. Akacheka, akasema, “Kwani umekata sime zote? Nani hukata sime?” Lakini alikuja. Alilipindua lile tunguu kwa mguu, akachuchumaa, akatuonyesha kwenye upande mzima vinundu vidogo, vidogo kama chuchu za mbuzi. Akaviita macho. Alisema kila jicho laweza kuamka likipata sababu. Tulimenye tunguu lote mpaka lionekane jeupe, tusiache hata alama moja nyeusi, tulikate vipande, kila kipande na jicho lake, tuvichovye kwenye maji yanayochemka nusu dakika tu kuua mayai ya fukusi, halafu tuvizike kwenye unga wa mbao wenye unyevu na kuvifunika na nailoni. “Mkizidisha, mmepika,” akasema. “Mkipunguza, mdudu amebaki.” Akaenda zake.

Hakuna kati yetu aliyekuwa na saa ya mkono. Tuliteka maji, tukawasha kuni nje ya chumba, na ploti nzima ikatoka kutazama Mmeru na Mborana wakichemsha mti. Mama Kananu alimenya kwa kisu cha jikoni, akikata fukusi na njia zake, na tunguu lililokuwa ukubwa wa kichwa cha ndama likabaki vipande saba. Maji yalipotokota tukatazamana. Nusu dakika ni ndefu kiasi gani? “Baba Yetu moja,” akasema yeye, “nikisema polepole.” Nikamwambia ninavyojua mimi ni Fatiha moja, na Amina yake. Tukabishana kidogo ni ipi iliyo sawa, mpaka tukakubaliana kwamba tusome zote mbili kwa pamoja, na itakayomaliza mwisho ndiyo itakayotoa kipande. Basi tukachovya. Yeye akianza “Baba yetu uliye mbinguni”, mimi nikianza Bismillahi, macho yetu yote kwenye sufuria, na ni sufuria yangu ile, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa pana. Tulimaliza karibu wakati mmoja, vipande vyote saba. Mama Mwenda akasema kwamba kama Mungu hatasikia hapo basi hayuko Isiolo. Hata yeye alikuwa ameacha miraa yake akaja kushika nailoni.

Unga wa mbao niliuomba kwa mafundi wa Bulla Pesa, magunia mawili. Sanduku letu lilikaa nyuma ya vyumba, kivulini. Kila asubuhi niliinua nailoni na kunusa, kwa sababu kilichooza kinajitangaza kwa pua kabla ya jicho. Cha kwanza kilioza wiki ya pili. Kisha viwili kwa pamoja. Kisha kingine, na kingine. Katikati ya hayo wazee wetu na wazee wa Adan, mwalimu wa Wabera ambaye ndiye babu wa wajukuu zangu sasa, wakakubaliana, na harusi ikapangwa baada ya mvua. Nilifurahi, nilimpenda, sisemi uongo. Lakini kila nilipohesabu siku za harusi nilihesabu pia vipande vilivyobaki. Nilikuwa nimevuruga kazi ya wanawake watatu, na sasa ningeondoka nikiwa nimepambwa na kuwaacha mama na mtoto na sanduku la uozo. Mama Kananu alinifundisha kupika vyakula vyake vyote, kimoja baada ya kingine, akidai kwamba Adan ataningoja mezani na mimi sitakuwa na maziwa ya kumpa.

Mvua zilipoanza vilikuwa vimebaki viwili. Asubuhi moja niliinua nailoni, na kwenye kimoja kulikuwa na ncha, nyeupe yenye wekundu, imetoboa unga wa mbao kama pembe ya ndama inavyotoboa ngozi. Sikupiga kelele. Niligonga ukuta. Mama Kananu alikuja na kanga moja, Kananu nyuma yake na mswaki mdomoni, tukapiga magoti wote watatu tukitazama ncha isiyozidi ukucha. Aliniminya bega mpaka likaniuma. Kipande kingine hakikuamka kamwe. Tulikuwa na mmoja, mmoja tu, na wiki baada ya wiki tuliulea, tukauhamishia kwenye kopo la udongo, tukautoa juani kidogo kidogo. Ulikuwa na majani membamba. Ulikuwa na shina jekundu jekundu.

Asubuhi ya harusi yangu kile chumba changu kilijaa shangazi na binamu kutoka Kipsing, hina, udi na kelele. Mama Kananu akaingia na gauni lake la kanisani, akasalimia “Salaam aleikum” kwa lafudhi yake, na mkononi ana mche umefungwa kwa gunia lililoloweshwa maji. Nilijua ni nini kabla hajafungua mdomo. Akauweka miguuni pangu. “Huu ni wako.”

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ni wa Kananu, ndio pekee, hakuna mwingine duniani. “Kananu bado anatafuta viatu vya shule,” akasema. “Huu hapewi mtoto ako nyumbani. Anapewa msichana siku ile anatoka kwa mama yake. Leo ni nani anatoka kwangu?” Shangazi zangu waliacha hina, wakatugeukia. Nikasema kile kilichokuwa kimenikaa kooni tangu mwezi wa nane, nikakisema mbele yao wote: “Lakini mimi ndiye niliyewakata.” “Najua,” akasema. “Ndiyo maana sina wasiwasi. Isiolo nzima ni wewe tu huwezi kurudia hiyo makosa.” Akanifuta machozi na kona ya leso yake, akanionya nisiharibu wanja. “Huu mgomba ukizaa, mche wa kwanza ni wa dada yako.” Nilipofika Wabera niliuchimbia shimo nyuma ya nyumba kabla ya kuketi na wageni, na hina bado mbichi vidoleni, na Adan akishika taa ya karabai mchana kweupe kwa kuwa hakujua ashike nini.

Ulishika. Ulinywa maji yetu ya kuogea ukanenepa. Miaka kumi na nne baadaye Kananu alipoolewa, nilipiga magoti asubuhi ile, nikatazama kwa chini, nikachimba mwembamba kuliko wote, nikaufunga kwenye gunia na kuupeleka kwao kabla waimbaji hawajafika. Mama Kananu aliupokea mlangoni. Aliuweka mikononi mwa Kananu hivyohivyo ulivyofungwa, na hakulifungua gunia kuangalia.